Bangi Katika Ndoo ya Uani: Je, Jaribio Huihalalisha?



Ndugu zangu katika imani, kijana mmoja wa hapa Raskazone, anayeswali nasi na mwenye akili nyepesi ya kushika mambo, aliniuliza swali baada ya swala ya Alasiri. Anakusudia kuotesha miche sita ya bangi nyuma ya nyumba ya mama yake: miwili katika ndoo za plastiki, miwili katika vyungu vya udongo, na miwili katika mifuko ya kitambaa. Udongo utakuwa mmoja, maji kwa kipimo kimoja, na kila juma atapima kimo cha miche na kuandika katika daftari. "Ustadh," akasema, "sitavuta wala sitauza. Nataka kujua tu chombo kipi ni bora. Haramu iko wapi hapo?"

Limeulizwa kwa adabu, nalo lastahiki jibu la elimu. Wengi wetu misikitini tumezoea kulijibu swali la namna hii kwa kemeo, na kijana akikemewa huenda kumuuliza mwingine asiyeogopa Mungu.

Bangi haikuwa mashuhuri kwa Waarabu wa zama za Mtume (S.A.W.), ndiyo maana maimamu wanne hawakuizungumza kwa jina. Ilipoenea katika miji ya Waislamu ndipo wanazuoni walipoiandikia. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H) aliiharamisha kwa ukali, akaihesabu najisi na kumpasishia mlaji wake hadi ya mlevi. Badr al-Din al-Zarkashi wa Cairo (aliyefariki 794 H), mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na watu wengi wa pwani hii, aliitungia risala nzima ya kubainisha uharamu wake. Mashafii kwa jumla wamesema kuwa mmea wenyewe ni tohara, na kwamba mtumiaji hutiwa adabu na kadhi, hapigwi hadi. Ikhtilafu yao basi ni juu ya unajisi na adhabu. Katika uharamu wa kulewa kwayo hawakukhitalifiana. Nalisema hili kwa kuwa wapo vijana waliosikia nusu ya maneno, kwamba "Mashafii wanasema ni tohara", wakadhani tohara maana yake ni halali. Sumu ya panya nayo yaweza kuwa tohara.

Sasa tuje kwenye upandaji, maana hapo ndipo swali lilipo. Katika hadithi ya Anas bin Malik (R.A.) aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amewalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, akiwemo mkamuaji, mbebaji, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Mpandaji hakutajwa, nami sitaitia hadithi neno lisilokuwemo. Mzabibu ni chakula, na apandaye zabibu hana lawama mpaka akusudie ulevi. Lakini tuulizane kwa insafu: miche sita ya bangi uani ina tunda gani jingine? Nimeambiwa kuwa hutoa nyuzi. Ni kweli, iko aina yake ipandwayo kwa nyuzi na kwa mbegu. Ila sisi ni watu wa Tanga, nchi iliyoletewa mkonge na Hindorf mwaka 1893 huko Kikogwe, Pangani, na ambayo nyuzi zimeilisha tangu enzi ya Mjerumani. Nani kati yetu atasokota kamba kwa miche miwili ya kwenye ndoo?

Jaribio lenyewe, ukilitazama vizuri, linajieleza. Kuuliza chombo kipi ni bora ni kuuliza chombo kipi kitaleta mavuno mengi. Na siku ya kuvuna itakapofika, mavuno hayo yatakwenda wapi? Kijana wangu alinyamaza hapo. Kanuni ya kuziba njia za uovu, sadd al-dharai, iliwekwa kwa ajili ya mambo kama haya, ambayo hatua ya kwanza haina harufu na ya pili inanuka mtaa mzima.

Hoja nyingine inayozunguka ni ya mataifa. Canada iliruhusu mwaka 2018 miche minne kwa nyumba katika sehemu zake nyingi, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua mwaka huohuo kuwa mtu mzima asiadhibiwe kwa kuipanda faraghani kwa matumizi yake, na Ujerumani ikafuata mwaka 2024 kwa miche mitatu. Jirani zetu Rwanda waliweka utaratibu wake mwaka 2021, nao ni wa dawa za kusafirishwa nje, kwa leseni na ulinzi. Uamuzi wa bunge hauhalalishi alichoharamisha Allah. Tiba ni mlango wake: hupitiwa na tabibu muaminifu kwa dharura na kwa kiasi chake, wala haupitii kwenye kibanda cha kuku.

Na hata huyo asiyeshughulishwa na fatwa, aitazame sheria ya nchi aliyomo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haikuacha nafasi ya "miche michache ya nyumbani". Mahakama zetu zimetoa vifungo vya hadi miaka 30 kwa kilimo hiki. Mwenye nyumba anayejua na akaruhusu naye yumo hatiani. Hapa ndipo moyo wangu ulipouma zaidi, kwa sababu nyumba ile ni ya mama, mjane, anayekodisha vyumba viwili ili ale. Askari akiingia uani hatauliza daftari la vipimo. Mtoto atasema ilikuwa elimu, na mama atapandishwa gari.

Hata hivyo sikumwambia atupe vyombo vyake. Ardhi yetu ya rasi ni mchanga na matumbawe, na kulima ndani ya vyombo ni elimu tunayoihitaji. Chungu hupumua lakini hukauka upesi kwa upepo wa bahari. Ndoo hutunza maji, ila isipotobolewa chini mizizi huoza, na mche ukikaa sana mizizi hujizungusha ukingoni. Mfuko wa kitambaa huizuia mizizi kujizungusha, nao wataka maji mara nyingi, na maji Tanga yana bili. Kipi kishinde? Sijui mtu mtaani kwetu aliyekwisha kupima. Apime kwa pilipili mbuzi au nyanya, kwa daftari lilelile. Ni huyuhuyu Anas (R.A.) aliyetupokelea, kwa Bukhari na Muslim, kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika mmea wa Muislamu huwa ni sadaka kwake.

Kamati ya madrasa imekubali kumpa pembe ya ua upande wa birika, na darasa la tatu watamwagilia kwa zamu. Samadi tumeahidiwa na mzee mmoja mfugaji. Zimebaki ndoo mbili za lita 20, zisizokuwa na mafuta. Mwenye nazo azilete baada ya swala ya Ijumaa.