Nakala ilale Korogwe

Leo siasa naiweka pembeni, tuzungumze juu ya hadidiski. Kabla hujaondoka ukidhani haya ni mambo ya mafundi, subiri kidogo, maana ninachotaka kusema kinahusu kumbukumbu za wilaya nzima.

Wiki mbili zilizopita hadidiski ya laptopu yangu ilianza kufa, hapa Handeni. Ilikufa kizee, polepole na kwa kuaga. Kwanza faili moja la sauti lilichukua dakika tatu kufunguka. Kesho yake mashine ikaganda mara mbili. Siku ya tatu nikasikia tik, tik, tik kutoka ndani. Aliyewahi kuusikia mlio huo hahitaji kuelezwa. Kwa asiyeujua: ndani mna visahani vinavyozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Ule mlio ni kichwa kinachotafuta njia, kinaikosa, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Ukizingatia tunavyozibeba mashine hizi kwenye bodaboda katika barabara za vumbi, ajabu ni kwamba zinadumu.

Sasa mle ndani kulikuwa na nini? Tangu Juni 2022, watu kutoka Ngorongoro walipoanza kuhamia Msomera, nimekuwa nikirekodi sauti: waliohamia, wenyeji waliowakuta, wenye mifugo, wenye mashamba, akina mama kisimani. Gazetini napewa maneno 400, tena wiki yenye bahati. Mzee akiongea saa nzima, zinatoka sentensi mbili. Saa nzima iliyobaki haiko kwa mhariri wala maktaba yoyote. Iko kwenye laptopu ya kijana mmoja aliyepanga chumba Handeni. Miaka 20 ijayo watu wakianza kubishana nani aliahidiwa nini na mpaka ulikuwa wapi, watamuuliza nani? Basi ndugu msomaji, tik tik ile ilikuwa ya nani, yangu peke yangu?

Fundi wa kwanza niliyemwona alisikiliza kidogo akasema, "Kaka, hiyo tunaipiga fomati, inakaa sawa." Sikumruhusu. Ushauri huu umeshamaliza kazi za watu wengi mno, na si Handeni tu. Diski inayokufa haitengenezwi. Hainyamazishwi kwa programu ya kuikagua, maana programu hiyo inailazimisha kusoma kila kona wakati kila dakika ya kuzunguka inaweza kuwa ya mwisho. Na hii habari ya kuiweka kwenye friza, iacheni jamani. Unachofanya ni kukamua: unachukua kwanza kile ambacho hakipo mahali pengine popote, kisha unaizima. Mimi nilikuwa na siku tano tu ambazo hazikuwa na nakala. Nilizikamua zote isipokuwa rekodi mbili, moja ya kikao cha kijiji, nyingine ya mwanamke mfugaji ambaye itabidi nimrudie, kama atakubali kusema tena.

Yaliyobaki yote yalikuwa Korogwe. Nina diski mbili za nje. Moja inakaa chumbani kwangu, nyingine kwa dada yangu Korogwe, kabatini, katikati ya khanga zake. Kila Jumamosi ninapokwenda kumsalimia nabadilishana: ya huku inabaki, ya kule inarudi. Ni kilometa 65 hivi. Wenzangu walinicheka, eti natembeza diski kama mgonjwa wa kliniki. Lakini sisi wa Handeni tushangae nini? Maji yetu ya mradi wa HTM yamevutwa kutoka mto Pangani, Korogwe, kwa miongo kadhaa. Kuweka uhai wetu Korogwe hatukuanza leo.

Kwa nini mji mwingine? Kwa sababu mwizi akiingia chumbani hatachagua. Atachukua laptopu na diski iliyo kando yake. Moto nao haubagui. Machi 10, 2021, jengo zima la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua likiwa na seva za wateja, na wapo waliokuwa wameweka nakala zao palepale. Nakala wanayo, nayo imeungua pamoja na yenye kunakiliwa! Hao ni Wazungu wenye kampuni kubwa, si mimi na kibatari changu umeme unapokatika.

"Dada, nimekuja kuchukua ile diski."

"Ile uliyosema nisiiguse? Sijaigusa. Hata vumbi sijafuta."

Pale Korogwe fundi wa pili, karibu na stendi, alifunga diski mpya isiyozunguka. Kuhamisha mafaili kulianza alasiri kukaisha baada ya isha. Kisha nikakaa nikafungua mafaili ovyo ovyo, hili la 2022, hili la mwaka jana, nikasikiliza. Watu wengi hatua hii wanairuka. Januari 31, 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake hasa ni kutunza kazi za waandika programu duniani, ilifuta data zake kwa bahati mbaya, ikagundua kwamba njia zake kadhaa za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi. Walipoteza data za saa sita hivi. Na diski hizi mpya zina ubaya wake: mara nyingi zinakufa kimya, bila tik hata moja ya kuaga.

Najua kuna atakayeniandikia, "si uweke mtandaoni tu?" Google wanatoa GB 15 za bure, sauti zangu zimepita hapo zamani, na bando la kupandisha yote hayo nalilipa na nini? Halafu humo mna sauti za watu walioniamini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, diski zangu zote mbili zimefungwa kwa nywila. Dada mwenyewe hawezi kuzifungua, na fundi hali kadhalika.

Kinachonikera ni kwamba haya yote ni shauri la mwandishi. Sisi wa wilayani tunalipwa kwa habari iliyotoka, laptopu ni yako, diski ni yako, nauli ya Korogwe ni yako. Chumba cha habari kinataka habari, hakiulizi rekodi zinalala wapi. Diski moja kwa kila mwandishi wa wilaya, ikusanywe ofisini mara mbili kwa mwaka, ingeshinda semina tatu za hotelini. Nimemwandikia mhariri wangu kumuuliza kama wanaweza kunitunzia nakala ya tatu Dar. Amejibu kwamba ataliangalia.