Neno "Esperar": Kungoja au Kutumaini?



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili nawaalika tutafakari neno moja la Kihispania: esperar. Anayejifunza lugha hiyo hukutana nalo mapema, na huambiwa kwamba maana yake ni kungoja. Basi hujizoeza kusema "espero el autobús", yaani nangoja basi. Baadaye humsikia mtu akisema "espero que sane", naye hudhani kuna kitu kinachongojwa. Kumbe mwenzake asema: natumaini atapona. Tena mama mjamzito husemwa kwamba "espera un hijo", anatarajia mtoto. Kitenzi ni kile kile kimoja.

Asili yake ni sperare ya Kilatini, yaani kutumaini. Kwa hiyo Mhispania, hata akingoja basi tu, hutamka neno lililozaliwa na tumaini. Sisi tunayo maneno mbalimbali: kungoja, kutumaini, kutarajia. Huo ni utajiri, lakini watupasa kujihadhari, maana yale yaliyotenganishwa na lugha hutenganishwa pia na moyo. Nani kati yetu hajawaona ndugu wa mgonjwa kwenye benchi la hospitali, wangali wakingoja, ilhali mioyoni wamekwisha kumzika? Huko ni kungoja kusiko na tumaini.

Lipo na kosa la upande wa pili, nalo kwa maoni yangu ndilo linalotuumiza zaidi siku hizi: tumaini lisilokubali kungoja. Mtu huahidiwa kwamba atapona kabla ya Jumapili, au kwamba kazi itapatikana mara atoapo sadaka fulani. Siku ikipita bila jibu, huambiwa kuwa imani yake ni haba, naye hurudi nyumbani na majeraha mawili. Mtume Paulo hakufundisha hivyo. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 8, anaunganisha tumaini na saburi, kwa kuwa kinachotumainiwa bado hakijaonekana.

Sarufi yenyewe yatufundisha jambo. Baada ya "espero que", Mhispania habadilishi mtu tu, hubadilisha na umbo la kitenzi: hasemi "sana", anapona, bali "sane", kama sisi tusemavyo "apone". Ndilo umbo tulitumialo katika Sala ya Baba Yetu tunapoomba ufalme wa Mungu "ufike". Anayetumaini hatoi amri wala hatangazi tarehe; anaomba, huku akimwachia Mungu saa yake.

Papa Fransisko, aliyezaliwa Buenos Aires na kukulia katika Kihispania, aliitisha Jubilei ya mwaka 2025 akituita Mahujaji wa Matumaini. Hujaji hakai tu akingoja. Hutembea kuelekea kule anakotumaini kufika. Vivyo hivyo mama mjamzito hangoji mikono mitupu: hushona nguo, huenda kliniki, hutayarisha kitanda.

Kila Dominika, mwishoni mwa Kanuni ya Imani ya Nisea, Wahispania husema "espero" wanapoutaja ufufuko wa wafu. Sisi husema "nangojea". Je, tunalitamkaje neno hilo? Kama abiria aliyechoka kituoni, au kama mama ahesabuye miezi? Mjane aliye kanisani pamoja nasi, aliyemzika mumewe mwezi uliopita, analisikia neno hilo tofauti kabisa na sisi tunaoliharakisha.

Wahenga walinena, subira yavuta heri. Nami nawaombeni, juma hili mtafuteni mtu mmoja anayengoja: mgonjwa, mfungwa, kijana asiye na kazi. Msimpe tarehe ambayo Mungu hakuitoa. Kaeni naye, mkasali pamoja, ili kungoja kwake kupate tena kuwa kutumaini.

Bikira Maria, Mama wa Matumaini, atuombee. Mungu awabariki nyote.