Usiku wa Juzi: Kope, Taa na Chandarua

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini. Unene wake haufiki milimita moja, chini yake hakuna mafuta ya kuikinga, na nyama iliyoishikilia imelegea kiasi kwamba maji machache tu hutosha kuivimbisha hadi jicho likafunga. Mchana mwenyewe huilinda bila kufikiri: hupepesa, hugeuza uso, hupangusa jasho, humfukuza mdudu kabla hajatua. Usiku ulinzi huo hulala pamoja naye. Kinachobaki ni mkono, na mkono wa mtu aliyelala hauna busara. Ukihisi kitu kinatambaa karibu na jicho, hukiponda papo hapo.

Ushauri mwingi unaosikika mijini kuhusu kuitunza ngozi hiyo wakati wa kulala ni wa krimu: ipakwe ipi, saa ngapi, kwa kidole kipi. Huenda una mahali pake. Lakini kwa mkulima wa Vidunda, katika milima inayolitazama bonde la Ruaha Mkuu upande wa Kilosa, au kwa mkata miwa anayelala huko chini karibu na mashamba ya Ruembe, krimu haijibu swali la usiku. Kwao swali ni nini kitatua usoni taa ikiwa bado inawaka.

Yuko mdudu mdogo ambaye wengi humdhania sisimizi. Urefu wake ni kati ya milimita 7 na 10, mwembamba kama kijiti cha kiberiti kilichopasuliwa. Kichwa chake na ncha ya mkia ni vyeusi, kifua na sehemu kubwa ya tumbo vina rangi ya chungwa, na mgongoni ana vifuniko vifupi vya mbawa vyenye buluu au kijani kinachong'aa. Wataalamu wa wadudu humwita Paederus. Nchini Kenya amepewa jina la nzi wa Nairobi, jina lenye makosa, kwa kuwa yeye si nzi bali ni wa ukoo wa mbawakawa. Hang'ati wala hachomi kwa mwiba. Sumu yake, iitwayo pederini, hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake, nayo humdhuru mtu pale mdudu anaposuguliwa au kupondwa juu ya ngozi. Kwa maneno mengine, madhara yote huanzia kwenye kile kiganja cha usingizini.

Mdudu huyu hupenda udongo wenye unyevu, kingo za mito, majaruba ya mpunga na mashamba yenye majani yanayooza. Huko huwala wadudu wanaoharibu mazao, hivyo kwa mkulima ni rafiki, na hakuna sababu ya kumwagia shamba sumu kwa ajili yake. Mvua zikizidi huongezeka, na usiku huruka kuufuata mwanga. Kenya ilishuhudia wingi wake baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na tena mwanzoni mwa mwaka 2020 kufuatia mvua kubwa. Mashamba ya miwa yanayomwagiliwa, mabonde ya mpunga na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Vidunda kwenda Ruaha Mkuu ni mazingira ya namna hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo zahanati za ukanda huu, kuanzia Mikumi hadi Kidodi na Kidatu, zinapaswa kumfahamu mdudu huyu kama zinavyomfahamu mbu.

Ugumu wa kumtambua mgonjwa wake unatokana na saa. Sumu ikigusa ngozi, mtu hahisi kitu usiku ule. Mara nyingi hata asubuhi yake huamka salama, akaenda shambani. Dalili hujitokeza baada ya saa 12 hadi 48: ngozi huwaka, huwa nyekundu, kisha hutoa malengelenge madogo yaliyopangika kama mstari, mfano wa alama ya fimbo. Penye mikunjo, ngozi iliyoathirika huiambukiza sumu ngozi inayogusana nayo, ndipo huonekana vidonda viwili vinavyotazamana kama sura na kioo. Kwenye kope uvimbe huwa mkubwa kuliko kidonda chenyewe, na vidole vilivyoshika sumu vikisugua jicho, jicho nalo huwa jekundu, hutoa machozi na kuuma likiona mwanga. Mgonjwa anapofika na kuulizwa, "Jana usiku kulitokea nini?", hujibu kwa haki kabisa kwamba hakukutokea kitu. Angeulizwa habari za usiku wa juzi, pengine angekumbuka alilala wapi, taa ilikuwa wapi, na kwamba alipangusa kitu usoni gizani.

Swali hilo lisipoulizwa, kidonda hutafutiwa jina lingine. Wapo watakaosema buibui amemkojolea. Wapo watakaosema amerogwa, maana alilala mzima akaamka jicho limefumba. Kwa kuwa kidonda hufanana na kuungua, wapo watakaomgeukia mwenzi wake wa ndoa kwa macho ya shaka, wakidhani amemwagiwa kitu cha moto. Majina hayo yote yana ubaya wake. Linaloumiza zaidi, hata hivyo, huweza kutoka ndani ya chumba cha tiba chenyewe, pale malengelenge yaliyojipanga karibu na jicho yanapoitwa mkanda wa jeshi kwa kutazamwa mara moja tu.

Kila mhudumu wa afya anajua neno hilo limebeba nini. Mkanda wa jeshi unaoshika jicho la kijana umekuwa, kwa miongo kadhaa barani Afrika, ishara inayomfanya tabibu afikirie Virusi vya UKIMWI, na wanakijiji nao wamejifunza ishara hiyo. Binti wa miaka 20 anayetoka zahanati akiwa na jicho lililovimba na jina hilo mdomoni mwa watu hatarudi nyumbani alivyotoka. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba hana virusi, lakini kipimo ni siri yake na uvumi ni mali ya wote. Ngozi itapona baada ya wiki mbili au tatu, ikiacha weusi unaofifia polepole. Jina alilopewa halififii kwa mwendo huo.

Tofauti kati ya magonjwa haya mawili haihitaji mashine. Mkanda wa jeshi kwa kawaida hutanguliwa na maumivu ya siku kadhaa kabla ya malengelenge. Hushika upande mmoja wa uso, kufuata njia ya mshipa wa fahamu kutoka paji la uso hadi kwenye kope, na mara nyingine hadi ncha ya pua. Na hauvuki mstari wa katikati. Kidonda cha mdudu hakina maumivu ya utangulizi, hakijali mstari wa katikati, na huenda kikaonekana pia shingoni au mkononi, popote mdudu alipopondwa au vidole vilipogusa. Wagonjwa wawili wa nyumba moja katika wiki moja ya masika ni ushahidi mzito. Tabibu ambaye bado ana shaka baada ya kuyatazama hayo ana haki ya kubaki na shaka, kumtibu mgonjwa kwa tahadhari na kumwita tena kesho. Ushauri nasaha na upimaji wa VVU uendelee kutolewa kwa kila anayehitaji, kwa hiari na kwa utaratibu wake wa kawaida. Usitangulizwe na kidonda ambacho hakijachunguzwa.

Matibabu ni mepesi kama yataanza mapema: kuosha ngozi kwa maji mengi na sabuni bila kusugua, sabuni isiingie jichoni, kukanda kwa kitambaa safi cha maji baridi, kukata kucha na kuosha mikono ili sumu isihamishwe, na dawa ya kuua vijidudu iwapo kidonda kimeoza. Jicho lenyewe lioshwe kwa maji safi. Likiwa jekundu sana, likishindwa kuvumilia mwanga au likiona ukungu, mgonjwa apelekwe penye mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda kioo cha jicho kimechubuka. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa havina nafasi karibu na kope.

Krimu zinastahili aya ya peke yake. Mirija midogo yenye dawa za jamii ya steroidi, mingine ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria, hununuliwa na watu bila cheti wala maelezo, na ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye mkorogo wa kung'arisha uso. Steroidi nyepesi, kwa siku chache, kwa maelekezo ya tabibu, inaweza kupunguza mwako wa kidonda hiki. Lakini ngozi ya kope hunywa dawa haraka kuliko ngozi ya mkono, na dawa kali ikipakwa hapo usiku baada ya usiku huweza kuipandisha presha ya jicho, kuleta mtoto wa jicho na kuikondesha ngozi yenyewe. Matone ya macho yenye steroidi ni ya hatari zaidi: kama kidonda cha kioo cha jicho kimesababishwa na virusi vya malengelenge, matone hayo huweza kukifanya kikachimba hadi kupofusha. Mtu aliyekuja na kidonda cha wiki tatu asiondoke na ugonjwa wa maisha.

Kinga yenyewe inajulikana tayari, na ukanda huu una historia nayo. Barabara iendayo kusini kutoka Mikumi hufika Ifakara, ambako watafiti walishirikiana na jamii za Kilombero na Ulanga kuanzia miaka ya 1990 kusambaza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Tangu hapo chandarua kimezungumzwa kwa lugha moja tu, lugha ya malaria. Lugha hiyo ni ya kweli, lakini ina pengo. Kwenye miinuko yenye baridi, au kiangazi mbu wanapopungua, mtu husema hakuna mbu na kukikunja chandarua. Akiambiwa kwamba matundu yale yale humzuia pia mdudu anayeunguza kope, anapata sababu ya pili ya kukichomeka chini ya godoro, sababu anayoweza kuiona kwa kioo. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito hahitaji bajeti mpya kuitamka sentensi hiyo moja.

Baada ya chandarua, taa. Balbu iliyo juu ya kitanda huwaita wadudu kisha huwaangusha juu ya aliyelala. Ihamishiwe mbali na kitanda au izimwe mapema. Taa ya sola yenye mwanga mweupe huvuta kuliko mwanga wa manjano hafifu. Simu inayoachwa ikiwaka kando ya mto, nje ya neti, hufanya kazi ile ile. Kitanda kitazamwe kwa tochi kabla ya kulala, na nguo zilizoanikwa nje jioni zikung'utwe.

Yote haya, hata hivyo, ni ushauri wa mtu mwenye nyumba yenye kitanda. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Mikumi na misitu ya milimani, wapo wanaokesha shambani katika msimu wa mahindi wakiwalinda mazao dhidi ya nguruwe pori na tembo. Hulala kwa zamu katika dungu lisilo na ukuta, moto au taa ikiwaka, mpunga au matuta yenye unyevu yakiwa hatua chache chini yao. Chandarua kimebaki nyumbani kwa mama na watoto, na hapo ndipo kilipostahili kubaki. Hawa ndio wenye kope zilizo wazi kuliko wote, nao hawatajwi katika hesabu ya vyandarua, kwa sababu hesabu hiyo hufuata vitanda na kaya.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba angeweza kuuliza swali moja zaidi: nani analala shambani, na analala ndani ya nini? Dungu lina nguzo nne, na nguzo nne zinatosha kushikilia neti. Mahali pasipo na neti, khanga nyepesi usoni ni bora kuliko uso mtupu, moto uwashwe hatua kadhaa kutoka mahali pa kulala, na dumu la maji na kipande cha sabuni vipande dungu pamoja na tochi. Mlinzi akiamka na kuhisi kitu kikitambaa karibu na jicho, asikiponde. Akipulize, au akiachie kipande cha karatasi kipande chenyewe, kisha anawe.