MAISHA YA UGENINI: Nyumba Ifikayo kwa Lori



Wasomaji wetu watukufu, tumepokea masuali kutoka kwa aila kadhaa zilizoko hapa Marekani ambazo zimejaaliwa kununua kiwanja na sasa zinataka kujenga. Wengi wao wamesikia habari za nyumba za moduli, yaani nyumba ambazo huundwa kiwandani kwa vipande vikubwa mithili ya masanduku. Kila sanduku huwa na kuta zake, sakafu yake, mabomba yake na nyaya zake za umeme. Masanduku hayo hupakiwa juu ya malori, yakafikishwa kiwanjani na kuunganishwa juu ya msingi. Wanatuuliza: je, hiyo ni nyumba kweli? Je, mtu anaweza kuichora kama apendavyo? Na je, kazi yake ni nyepesi kama inavyosemwa? Mwezi huu tumeonelea tuyajibu masuali hayo kwa kadiri ya uwezo wetu.

Kwanza hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna nyumba za kiwandani ambazo hukaa juu ya chesisi ya chuma, na ambazo zamani zikijulikana kuwa ni nyumba za matrela. Hizo, tangu tarehe 15 Juni 1976, hujengwa kwa kufuata kanuni moja ya serikali kuu ya Marekani, na chesisi yake huwa ni sehemu ya nyumba daima. Ama nyumba ya moduli, hiyo hufuata kanuni zile zile za jimbo na za mji zinazofuatwa na nyumba iliyojengwa papo hapo kiwanjani, na huwekwa juu ya msingi wa kudumu. Wakaguzi huikagua ikiwa bado kiwandani, na masanduku yakabandikwa alama ya kuthibitisha ukaguzi huo. Hatusemi kwamba aina ya kwanza ni mbaya, kwani wapo waliokaa humo kwa raha na amani. Tunalosema ni kwamba sheria ya viwanja, mikopo na bei ya kuuzia baadaye hutafautiana baina ya aina hizi mbili. Kwa hiyo suali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: nyumba hii imejengwa kwa kanuni ipi?

Pili ni suali la kuchora. Jibu ni kwamba mtu anaweza kuchora atakavyo, lakini ndani ya mipaka, na mpaka mkubwa umewekwa na barabara. Mzigo wa kawaida katika barabara kuu za Marekani haupaswi kuzidi futi 8 na nusu kwa upana. Masanduku ya nyumba hupita kwa kibali maalumu, na aghalabu hayazidi futi 16. Basi mchoraji hupanga nyumba nzima kwa mikanda ya upana huo, miwili, mitatu au zaidi, ubavu kwa ubavu au mmoja juu ya mwingine.

Jambo hili lisitushangaze sisi watu wa pwani. Majumba ya mawe ya Lamu na Unguja yana vyumba virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, na boriti haikuweza kubeba zaidi ya mita tatu hivi. Wazee wetu hawakulalamika kwamba boriti ni fupi. Walikubali kipimo hicho, wakakitumia kwa ustadi hata vyumba vile vyembamba vikawa ndiyo sura ya majumba yao. Hapa boriti yetu ni barabara.

Pale masanduku mawili yanapokutana, mafundi wa Kimarekani hupaita ukuta wa ndoa. Ukuta huo ndio ubebao uzito mkubwa wa katikati ya nyumba. Aila inayotaka ukumbi mpana, wa kuwakusanya watu siku ya hitima au ya maulidi, itahitaji kuufungua ukuta huo, na hapo lazima mhandisi aweke mhimili wenye nguvu za kutosha tangu kwenye ramani. Nguzo iliyokwisha kutiwa kiwandani haiondolewi kwa kumwita fundi na nyundo yake.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu ya mwezi huu. Kwetu tumezoea kujenga kidogo kidogo. Mtu hununua matofali mwaka huu, akapandisha kuta mwaka ujao, akaezeka Mungu akijaalia. Katikati ya safari hiyo mama watoto husema dirisha liwe huku, na dirisha likawa huku. Ujenzi wetu huvumilia kubadili nia. Nyumba ya moduli haivumilii. Siku ambayo ramani imetiwa saini na kiwanda kimeanza kukata mbao, kila badiliko huwa ni gharama, na mengine hayawezekani tena. Nyumba hii hujengwa kwanza mezani, na asiyeijenga vyema hapo mezani hatapata pahala pengine pa kuirekebisha.

Kwa hiyo tunanasihi kwamba kabla ya kwenda kwa mchoraji, aila nzima ikae kitako na kushauriana: baba, mama, vijana na wazee. Mchoraji wa hapa anaijua kazi yake, lakini hayajui maisha yetu, na asiloambiwa hatalichora. Hebu tuyataje machache.

La kwanza ni kibla. Kutoka sehemu kubwa ya mashariki na ya kati ya nchi hii, kibla huelekea kaskazini mashariki. Wengi wetu hatupendi choo kikielekee wala kukipa mgongo. Viwanda vingi vinaweza kuigeuza ramani kulia kwa kushoto, kama sura katika kioo, na nyumba yenyewe yaweza kuzungushwa juu ya kiwanja kama kiwanja charuhusu. Lakini hayo yote huamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa.

La pili ni maji. Bomba la kujitawadhia katika kila choo, na beseni la chini la kutilia udhu ili mzee asilazimike kuinua mguu juu ya sinki, ni vitu vidogo iwapo mabomba yake yamepitishwa kiwandani, na ni vitu vya usumbufu mkubwa baadaye. Aidha, jiko na vyoo vikiwa karibu karibu ndani ya sanduku moja, mabomba ya kuungwa kiwanjani hupungua, na gharama hupungua nayo.

La tatu ni wageni na sitara. Je, mgeni mwanamume akifika atapita wapi asikatize jikoni na vyumbani? Chumba kimoja karibu na mlango wa mbele, chenye choo kidogo kando yake, hufanya kazi ile ile iliyofanywa na daka na ukumbi katika nyumba za kale.

La nne ni wazee wetu. Iwapo mama atakuja kukaa nanyi, chumba chake kiwe chini, na milango iwe na upana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Tusingoje mpaka magoti yashindwe ngazi ndipo tukumbuke.

Lakini yapo pia mambo yanayoweza kungoja. Baraza, gereji na vyumba vya chini ya ardhi aghalabu havitoki kiwandani, bali humaliziwa pale kiwanjani. Mwenye uwezo mdogo anaweza kuanza na nyumba ndogo na kuyaacha hayo kwa miaka ya mbele, madhali ramani imeyatengea nafasi. Hilo ni bora kuliko kujitwika deni lisilobebeka.

Tukija kwenye fedha, tunawatahadharisha wasomaji wetu kuhusu bei inayoandikwa katika vitabu vya wauzaji. Mara nyingi bei hiyo ni ya masanduku tu. Kiwanja, msingi, winchi ya kuyanyanyulia, kisima, umeme, mashimo ya maji machafu na vibali vyote huwa nje ya bei hiyo. Msingi peke yake si jambo dogo katika nchi za baridi, kwani lazima ushuke chini ya kina ambacho ardhi huganda. Katika jimbo la Minnesota, kwa mfano, kanuni inataka inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini. Tena msingi huo lazima uwe na vipimo barabara, kwani sanduku lililokwisha undwa halitanuki wala halipungui.

Tunaijua aila moja iliyolipa arubuni ya nyumba kabla ya udongo wa kiwanja chao kupimwa. Udongo ulipopimwa ulionekana haunywi maji, na kibali cha shimo la maji machafu kikakataliwa. Mkataba wao haukusema lolote juu ya hali kama hiyo, na arubuni haikurudi. Zilikuwa ni akiba za miaka ya kazi za usiku. Basi utaratibu uwe huu: kwanza udongo na kibali, kisha ramani, kisha mkataba, na mwisho ndiyo fedha.

Kuhusu riba, jambo hili lina uzito wake. Kiwanda hutaka malipo yake kabla sanduku halijatoka getini, ilhali benki za kawaida hutoa fedha za ujenzi kwa awamu, kadiri kazi inavyoonekana kiwanjani. Yapo makampuni yanayofuata njia ya ushirika unaopungua, ambapo mnunuzi hulinunua fungu la mshirika wake kidogo kidogo, lakini njia hiyo hutumika zaidi kwa nyumba zilizokwisha kamilika. Ulizeni mapema, kabla ya kutia saini popote.

Wanavyuoni nao wana mlango unaoihusu khasa kazi hii, nao ni istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe kwa sifa na bei maalumu. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1992 liliukubali mkataba huo, na likashurutisha kwamba aina ya kitu, kiasi chake, sifa zake na muda wa kukikabidhi vibainishwe. Liliruhusu pia malipo kwa awamu. Tazameni jinsi sharti hilo linavyokubaliana na tuliyoyasema: yote yabainishwe mwanzoni. Waulizeni wanavyuoni wenu kwa tafsili zaidi, na andikeni kila kitu, kwani aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kutuamrisha kuandikiana.

Neno la mwisho kwa wenye haraka: winchi huweza kuyapanga masanduku yote kwa siku moja au mbili, na majirani wakastaajabu kuona nyumba pale palipokuwa na shimo asubuhi. Lakini kuunga mabomba na umeme, kuziba maungio na kungoja ukaguzi wa mwisho huchukua wiki kadhaa baada ya hapo. Msiirejeshe nyumba ya kupanga mpaka mmekwisha pewa kibali cha kuingia.

Tunamuomba Mola awape wasomaji wetu makazi yenye sitara, nafasi na baraka, na awaepushe na madeni yenye kuondoa usingizi. Tukijaaliwa, mwezi ujao tutaeleza namna ya kuusoma mkataba wa ujenzi, kifungu kwa kifungu. Wenye masuali na watuandikie.

Wabillahi tawfiq.