Bibi Asihukumiwe na Fomu

Mwaka 2012 ulizaliwa Mkoa wa Njombe ili serikali iwe karibu zaidi na wananchi. Mwaka huo huo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzisha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Mambo hayo mawili yalistahili kukutana mlangoni kwa maskini. Hayajakutana bado, na kosa si la maskini.

Tumtazame bibi wa Lupembe anayelea wajukuu. Huyu hatukumbuni hewani: utafiti wa taifa wa mwaka 2016-17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi vya UKIMWI, na nyumba nyingi zimebakiwa na wazee na watoto. Bibi huyu anaambiwa fedha zitapita kwenye simu. Vyema. Lakini tangu mwaka 2020 laini haitumiki bila kusajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Kidole kilichoshika jembe miaka hamsini kimelika, mashine haikisomi. Laini iliyopo ni ya mjukuu ambaye yuko Makambako akitafuta vibarua stendi. Je, fedha hizo ni za nani zikishafika? Aliyepanga mpango mezani hakujisumbua kuuliza.

Wapo watakaotujibu kwamba malipo ya mkononi yalizaa kaya hewa. Ni kweli, uhakiki wa mwaka 2016 ulizifichua. Lakini kaya hewa hazikubuniwa na bibi huyo. Ziliandikwa na watu wenye kalamu na mihuri.

Tangu mwaka 1998 sera yetu ni kupeleka madaraka kwenye serikali za mitaa. Hata hivyo orodha ya malipo imekuwa ikitengenezwa makao makuu. Mtumishi wa Halmashauri ya Mji wa Makambako akiona jina limekatwa kimakosa, kazi yake ni kuandika barua na kungoja. Huko si kugatua madaraka. Ni kumfanya mtumishi kuwa tarishi wa malalamiko.

Nanyi walimu mna sehemu yenu. Mpango uliweka sharti la mtoto kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo, la sivyo malipo hupunguzwa. Mtoto aliyekwenda kuchuma chai kwa sababu nyumbani hakuna unga huandikwa mtoro, na unga huzidi kupungua. Mwalimu anayeweka alama bila kufika nyumbani kwa mtoto huyo ametumikia daftari, hakutumikia taifa.

Zanzibar ilipoanza Pensheni Jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, swali kuu kwa mzee lilikuwa moja: umetimiza miaka 70? Hakutakiwa kuthibitisha umaskini wake mbele ya majirani.

Basi kabla fomu nyingine haijapigwa chapa, ipelekwe Lupembe, isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kibena, mbele ya wale itakaowahusu. Ikiwashinda, irudi Dodoma ikaandikwe upya.