Udogo wa Deni Si Udhuru

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni, wala hawakuweka kiwango. Hawakusema kwamba ahadi ya paundi elfu ni deni na ahadi ya paundi sitini ni mzaha. Walakini, limezuka katika biashara ya zama hizi kundi la watu, baadhi yao wenye maduka na baadhi yao wenye elimu, wanaoshika kwamba deni likiwa dogo hugeuka kuwa sadaka, na kwamba mdai anayelifuata mpaka mahakamani ni mgomvi, au bahili, au mharibifu wa wakati wa mahakimu. Rai hiyo ina sura ya busara, lakini ndani yake mna dhuluma. Yafaa ipimwe kwa jambo lililotukia. Na kwa kipimo hicho yatosha biashara ya marejesho ya fedha za simu za mkononi, iliyoenea Uingereza katika miaka ya 2000.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Mnunuzi alitia sahihi mkataba wa miezi 12 au 18 na kampuni ya simu, akakubali kulipa ada ya kila mwezi. Mkataba huo aliupata kwa mkono wa mwenye duka, na mwenye duka alilipwa ujira na kampuni ya simu kwa kila mteja aliyemleta. Ili wateja waje kwake wasiende kwa jirani yake, mwenye duka aliahidi kumrudishia mnunuzi sehemu ya ada zile, na pengine ada zote. Tangazo liliandika marejesho kwa herufi kubwa. Masharti yaliandikwa kwa herufi ndogo. Mnunuzi alitakiwa apeleke kwa posta ankara za miezi fulani, si miezi mingine. Ankara za asili, si nakala. Katika siku zilizotajwa, si kabla wala baada. Akikosa mara moja, aliweza kupoteza marejesho yote yaliyosalia. Ankara ikipotea njiani, hasara ilikuwa yake. Ikiwa kampuni ya simu haikumletea ankara ya karatasi, hilo pia likahesabiwa kuwa kosa lake.

Mtu mwenye insafu atauliza: masharti hayo yalikuwa na kazi gani? Mwenye duka alijua vyema ni nani aliyenunua, lini, na kwa mkataba gani. Kama shida yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mteja yungali analipa ada, ziko njia nyepesi za kulijua hilo. Mlolongo wa ankara na tarehe haukumpa maarifa mengi; ulimpa matumaini kwamba mteja atasahau. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba wateja 100 wameahidiwa paundi 180 kila mmoja. Wakisahau 40, mwenye duka amebakiwa na paundi 7,200 ambazo hakuzitolea jasho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa kwa usahaulifu wa watu. Duka linalotoa ahadi kubwa kuliko uwezo wake haliwezi kuishi ila wateja wengi wasahau. Nao wasiposahau, hapana budi lidanganye au lifilisike.

Yote mawili yalitokea. Wako wauzaji waliokataa madai kwa visingizio, na wako waliofunga milango kabla siku za malipo hazijafika. Hapo mnunuzi alijikuta katika mtego wa ajabu. Ahadi ya marejesho ilikuwa ya duka, na mkataba wa simu ulikuwa wa kampuni. Duka lilipokufa, ahadi ilikufa nalo. Mkataba ulibaki hai, na ada ilidaiwa kila mwezi kama kwamba hapana lililotukia. Aliyevutwa kwa jina la simu ya bure akawa analipa ghali kuliko yule aliyenunua bila ya ahadi yoyote.

Watetezi wa biashara hii wana hoja ya kwanza, nayo ni kwamba mnunuzi alitia sahihi. Alipewa masharti, na asiyesoma anachokitilia sahihi ajilaumu mwenyewe. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama sheria ingekuwa kipofu. Lakini sheria ya Uingereza haikuwa kipofu. Kanuni za mwaka 1999 juu ya masharti yasiyo ya haki katika mikataba ya walaji zilisema kwamba sharti ambalo halikujadiliwa na mnunuzi, likiwa kinyume cha nia njema na likiangusha mizani ya haki kwa kumdhuru yeye, halimfungi. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 ilishika mahali pa kanuni hizo na kuhifadhi kipimo kile cha nia njema. Sahihi ya mtu ni kitu kizito, lakini haigeuzi mtego kuwa mkataba.

Tena, wauza simu hawakuwa wa kwanza kuahidi fedha katika tangazo na kujuta baadaye. Mwaka 1891 kampuni moja ya London, Carbolic Smoke Ball Company, ilitangaza katika magazeti kwamba itamlipa paundi 100 mtu yeyote atakayeshikwa na mafua makali baada ya kutumia dawa yake kama ilivyoagizwa. Ili kuonyesha ukweli wake, ikasema imeweka paundi 1,000 katika benki. Bibi Carlill aliinunua dawa, akaitumia kama alivyoagizwa, akaugua. Kampuni ilipodaiwa ilijitetea kwamba tangazo ni sifa za kupamba biashara tu, na kwamba hapana anayeweza kufanya mkataba na ulimwengu mzima. Mwezi wa Desemba 1892 Mahakama ya Rufani ilikataa utetezi huo, na Bibi Carlill akapata haki yake. Paundi 100 za siku zile hazikuwa fedha ndogo. Lakini kanuni iliyotoka katika kesi ile haikupimwa kwa wingi wa fedha. Anayeahidi ili watu watende, nao wakatenda, amefungwa na ulimi wake.

Hoja ya pili ni ile ya udogo. Husemwa kwamba mahakama zina mambo makubwa, na paundi sitini hazistahili hakimu. Wasemao hivi wamesahau kwa nini mlango wa madai madogo ulifunguliwa. Mwaka 1970 Baraza la Walaji la Uingereza lilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba mahakama za kaunti, zilizodhaniwa kuwa kimbilio la mtu mdogo, zilitumiwa zaidi na wafanyabiashara kudai madeni kwa watu wadogo. Mtu mdogo mwenyewe hakuonekana humo ila ameitwa kushtakiwa. Mwaka 1973 ukawekwa utaratibu mwepesi wa madai madogo. Tangu mwaka 1999 kiwango chake katika England na Wales kilikuwa paundi 5,000, na mwaka 2013 kikapandishwa mpaka paundi 10,000. Basi anayesema deni dogo halistahili mahakama, aseme pia kwamba mwenye duka asimshtaki mteja kwa deni dogo. Hilo hasemi. Ankara ya simu isipolipwa, hata ikiwa ya paundi thelathini, barua za vitisho hufika haraka. Udogo wa deni huonekana pale tu mwenye nguvu anapodaiwa.

Na utaratibu wenyewe hauna fahari ya kutisha. Mdai huandika kwanza barua ya onyo, ataje kiasi anachodai, sababu yake, na siku za kulipa. Akipuuzwa, hujaza hati ya madai na kulipa ada inayolingana na kiasi cha deni. Akishinda, aghalabu mdaiwa humrudishia ada hiyo. Anaweza kuomba riba, ambayo kwa desturi huombwa kwa asilimia 8 kwa mwaka chini ya sheria ya mahakama za kaunti ya mwaka 1984. Mdaiwa asipojibu katika muda uliowekwa, mdai huweza kuomba hukumu bila ya kesi kusikilizwa. Kesi ikisikilizwa, mtu hujisemea mwenyewe. Na kwa kuwa gharama za wakili kwa kawaida hazilipwi na aliyeshindwa, tajiri hana faida ya kumtisha maskini kwa wingi wa mawakili. Kinachohitajiwa ni karatasi: tangazo, mkataba, ankara, risiti za posta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni vivyo hivyo. Madai ya mkataba huishi miaka 6, kwa hiyo aliyekata tamaa mwezi wa kwanza hakuwa na sababu ya kukata.

Iko hoja ya tatu, nayo ni ya kweli kuliko mbili zilizotangulia, haifai kuikwepa. Hukumu ya madai madogo haiwafungi mahakimu wengine. Duka laweza kumlipa mmoja aliyeshtaki usiku wa kuamkia kesi, na kuwanyima elfu walionyamaza. Hukumu si fedha pia: aliyeshindwa asipolipa, mdai hurudi tena kuomba madalali wa mahakama, kwa ada nyingine. Na duka lililofilisika huacha hukumu mikononi mwa mshindi kama ufunguo wa nyumba iliyoungua. Yote hayo ni sahihi. Lakini yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba mahakama peke yake haitoshi. Hayathibitishi kwamba mdai anyamaze.

Yaliyofuata huko Uingereza yanaonyesha hivyo. Malalamiko ya walaji yalipozidi, Ofcom, msimamizi wa mawasiliano, alisimamia mwaka 2007 mwongozo wa hiari kwa wauzaji wa simu. Hiari haikutosha, kwa maana mwenye kufaidika kwa hila haachi hila kwa kuombwa. Mwaka 2009 zikaja kanuni za lazima, nazo ziliweka mzigo mahali pake: kampuni za simu zenyewe zilitakiwa kuwachunguza wauzaji wao, na kuhakikisha kwamba masharti ya marejesho si ya kubana kupita kiasi. Lakini msimamizi hutazama pale penye kelele. Kila barua ya onyo, kila hati ya madai na kila lalamiko lililoandikwa lilikuwa ushahidi kwamba ugonjwa upo. Kama wote wangalitii shauri la kusamehe kidogo, daftari lingalibaki jeupe, na weupe wake ungalihesabiwa kuwa ridhaa.

Jambo hili haliwahusu Waingereza peke yao. Kenya ilipitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016. Mwaka 2020 kiwango cha madai kikapandishwa kutoka shilingi 200,000 mpaka shilingi 1,000,000. Na mwaka 2021 mahakama ya kwanza ya namna hiyo ikafunguliwa Milimani, Nairobi. Sheria inataka shauri limalizike katika siku 60. Mlango upo, na hauhitaji fahari ya joho. Lakini mlango hauna faida kwa watu waliofundishwa kwamba kuugonga ni aibu. Wako wasomi wanaoweza kueleza nadharia za haki kutoka Ugiriki mpaka leo, ambao wakipunjwa fedha ndogo husema, "Namwachia Mungu," na kuona kwamba wamefanya uungwana. Kusamehe ni sifa njema kwa mdaiwa aliyekwama. Kwa mdaiwa aliyepanga tangu mwanzo kwamba atasamehewa, msamaha ni mtaji.

Basi lawama iondolewe kwa anayedai, iwekwe kwa anayedaiwa. Mahakama haipotezewi wakati na mtu anayetaka paundi sitini alizoahidiwa. Inapotezewa wakati na yule anayengoja kushtakiwa ndipo alipe anachojua kwamba anadaiwa. Dawa ya deni ni kulipa. Mwenye duka aliijua dawa hiyo siku alipoandika tangazo, na hakuna hakimu aliyehitajiwa kumfundisha. Akimlazimisha mteja aende kumwita hakimu, kelele ya kesi ni yake, na gharama yake vile vile.