Nani Atamlinda Mahomes? Hofu ya Mashabiki wa Kansas City Ina Msingi

Msimu wa 2025 wa futiboli ya Kimarekani ulipokaribia kuanza mapema Septemba, mashabiki wa Kansas City Chiefs walikuwa na swali moja lililowanyima usingizi tangu Februari: nani atasimama kushoto kumlinda Patrick Mahomes? Jibu la klabu lilikuwa Josh Simmons, kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Ohio State, ambaye wakati huo alikuwa hajacheza hata mechi moja ya ligi ya NFL.

Hapa Mombasa wengi wetu hatuufuatilii mchezo huu. Fainali yake, Super Bowl, huanza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu. Lakini tuna ndugu na watoto wetu wanaoishi Marekani, nao wakitupigia simu siku za Jumapili hadithi ni hiyo. Basi msomaji wangu, tulichambue suala hili ili tujue wanalia na nini.

Mahomes ni kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira, kuangalia wenzake wamekimbilia wapi, kisha kuwarushia. Kazi hiyo inataka sekunde mbili tatu za utulivu. Mbele yake husimama walinzi watano wenye miili ya kuzuia mlango, na kazi yao ni kumnunulia sekunde hizo. Mrushaji wa mkono wa kulia huupa upande wa kushoto mgongo, kwa hivyo adui anayetokea huko hamuoni. Novemba 18, 1985, Joe Theismann wa Washington alivunjwa mguu na Lawrence Taylor mbele ya kamera za televisheni, na hakucheza tena. Baada ya miaka kadhaa, mlinzi wa kushoto akawa miongoni mwa wachezaji wanaolipwa vizuri kabisa.

Chiefs wanalijua somo hili kwa machungu. Februari 2021 waliingia fainali bila walinzi wao wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, waliokuwa majeruhi. Mahomes alikimbizwa uwanja mzima, na Tampa Bay wakashinda 31 kwa 9. Klabu ilijifunza. Ikamleta Orlando Brown, ikamsajili Joe Thuney, ikachagua vijana Creed Humphrey na Trey Smith. Miaka miwili baadaye walikutana na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa imewaangusha makwotabeki mara 70 msimu ule. Usiku wa fainali Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Chiefs wakatwaa kombe kwa 38 dhidi ya 35.

Kisha ufa ukarudi palepale. Brown aliondoka, akaja mwingine wa mwaka mmoja, na mwaka 2024 nafasi ikapewa kijana mgeni, Kingsley Suamataia. Katika mechi yake ya pili alikutana na Trey Hendrickson wa Cincinnati, akazidiwa, akatolewa mchezo ukiendelea. Wakajaribiwa wengine wawili. Mwishowe Thuney, ambaye kazi yake ni ya ndani, akahamishwa pembeni kuziba pengo. Mahomes aliangushwa mara 36 katika mechi za ligi, idadi kubwa kuliko msimu wowote wake. Halafu fainali ya Februari 9, 2025, Eagles wakamwangusha mara 6 na kushinda 40 kwa 22. Hadi mapumziko ilikuwa 24 kwa bila.

Kisha Thuney akauzwa Chicago. Simmons alichaguliwa wa 32 katika uteuzi wa Aprili. Wanaomjua wanasema miguu yake ni myepesi kwa mtu wa umbo lile, lakini Oktoba 2024 alikatika kano ya goti katika mechi dhidi ya Oregon na msimu wake ukaishia hapo. Na jirani yake wa upande huohuo, katika nafasi aliyoiacha Thuney, alikuwa nani? Alikuwa yuleyule Suamataia. Yaani ubavu wa mtu mwenye mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 450, aliyetimiza miaka 30 Septemba 2025, uliwekwa mikononi mwa vijana wawili. Shabiki akiogopa, tusimwambie ana kihoro cha bure.

Hata hivyo, naona lawama zinaelekezwa pasipo. Wengi wanauliza, je, kijana anaweza? Mimi nauliza, je, klabu imempa nafasi ya kuweza? Mlinzi wa kushoto hakomai kwa miezi minne. Hajifunzi nguvu tu, anajifunza kuweka miguu, kusubiri mkono wa mpinzani, na kuelewana na jirani yake bila kusemezana.

Tazameni Eagles wenyewe. Mlinzi wao wa kushoto ni Jordan Mailata, Muaustralia aliyetoka kwenye raga. Walipomchagua mwaka 2018, akiwa wa 233, alikuwa hajawahi kucheza futiboli ya Kimarekani maishani mwake. Misimu miwili hakuingia uwanjani. Alianza kupewa mechi 2020, na leo ni miongoni mwa walinzi bora wa ligi. Sisi Wakenya tunamkumbuka Daniel Adongo, naye wa raga, aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 lakini hakudumu. Mailata alipata kocha na muda. Mwaka 2024 Suamataia alipewa mechi mbili.

Ndiyo maana nasema jaribio la msimu wa 2025 lilikuwa la kocha Andy Reid kabla halijawa la Simmons. Reid mwenyewe alicheza kwenye safu hiyo ya walinzi alipokuwa chuoni, kwa hivyo anajua. Angeweza kumwekea kijana mtu wa kumsaidia pembeni. Angeweza kumwambia Mahomes aachilie mpira mapema badala ya kuzunguka nao akitafuta muujiza. Na akiba alikuwa nayo: Jaylon Moore, aliyesajiliwa kutoka San Francisco kwa dola milioni 30 za miaka miwili. Kama angemwacha kijana peke yake kisha amtoe akikosea mara ya kwanza, tungerudi kulekule kwa mwaka 2024.

Mechi ya kwanza ya msimu huo ilikuwa dhidi ya Chargers mjini São Paulo, saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi Septemba 6, 2025 kwa saa zetu. Chargers walikuwa na Khalil Mack, mkongwe wa kuwinda makwotabeki. Septemba 14, karibu saa tano na nusu usiku, waliwapokea Eagles nyumbani. Msiutazame mpira peke yake. Mtazameni Simmons, mhesabu ni mara ngapi anaachwa peke yake na ni mara ngapi ana mwenzake kando. Hapo mtajua kama klabu imejifunza.